Nani Mwenye Nguvu, Jabali au Kimondo

Jumamosi, 2 Februari

Baridi imelegea kidogo. Gari limewaka mara ya tatu. Nashukuru — juzi lilikataa kabisa, ikabidi jirani anipeleke.

Siku ya kumi na tisa tangu mume wangu Arvid apigwe na kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Mguu wa kulia unaburuta. Maneno yote yamekwenda, limebaki moja: kijiko. Ukimwuliza ameamkaje — kijiko. Jina lako nani — kijiko. Akiona theluji dirishani — kijiko. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na moja, aliyekuwa akianza sentensi moja anamaliza na tatu! Siku za kwanza nilikuwa namletea vijiko. Nilidhani anavitaka. Bi Fenske, mtaalamu wa usemi hapa kwenye kituo cha wagonjwa wa kiharusi, amenieleza polepole: ndani anaelewa kila kitu, mlango wa kutokea ndio umekwama, na neno hilo moja ndilo linalopenya.

Basi anaelewa. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya mengine.

Mchana wamekuja Ruthanne na Lonnie. Jumamosi ni siku yao. Miaka ishirini wanakaa na Arvid meza ya nyuma, kwenye duka la vitabu vya katuni la Ruthanne, wanabishana shujaa gani ana nguvu kuliko mwenzake. Sheria ya meza: huleti dai bila hesabu. Lonnie ni fundi bomba, zamani mwanafunzi wa Arvid, mpaka leo anamwita Mwalimu. Yeye ni mtu wa Jabali, yule mtu wa mawe. Ruthanne ni wa Kimondo, yule mwanamke arukaye. Arvid ni hakimu.

Wameleta toleo jipya. Wakakaa pembeni ya kitanda wananong'ona kama watu wa msibani. Nikawaambia, hajafa huyu. Bishaneni kama mnavyobishana.

Lonnie akamtazama Arvid, kisha akafungua kitabu. Jabali kasimama gatini, kainua juu ya kichwa meli ya madini ya chuma, imejaa. Akasema, haya Ruthanne, mlete huyo ndege wako.

Ruthanne akasema, ndege wangu hainui vitu vya bure, anaokoa watu. Ukurasa wa kumi na nne. Kuna msafisha madirisha kaanguka kutoka juu ya jengo, Kimondo kamdaka karibu kabisa na lami.

Wakapandisha sauti. Nesi akachungulia. Arvid hakusema hata kijiko. Lakini macho! Yalikuwa yanakwenda kwa huyu, yanarudi kwa yule, kama mtu anayetazama mpira.


Jumanne, 5 Februari

Bi Fenske amekuja na kadi za picha. Mbwa. Uma. Nyumba. Anaonyesha, Arvid ataje. Alitazama kadi tatu, ya nne akageuzia uso ukutani. Bi Fenske hakukasirika. Akaniambia nje mlangoni: mama, tafuta kitu kinachomuuma. Mtu hapigani kufungua mlango ili atoke aseme "uma".

Kisha akanieleza la kikao. Tarehe 26 watakaa madaktari na watu wa bima. Wakiona anaendelea mbele, atabaki hapa kwenye mazoezi wiki sita zaidi. Wakiona amesimama palepale, mazoezi yanakoma, anahamishiwa nyumba ya wazee ng'ambo ya daraja. Hakunificha. Nimempenda kwa kutonificha.

Nimekula supu garini, peke yangu, dirisha limejaa ukungu. Kitu kinachomuuma. Arvid alikuwa na kitu kimoja tu kilichomuuma kweli: hesabu mbovu.


Alhamisi, 7 Februari

Leo nimesoma kitabu cha katuni mwanzo hadi mwisho. Cha kwanza maishani mwangu, nina miaka sitini na nne. Arobaini kati ya hiyo nimeishi na masanduku yake ya katuni chini ya ngazi na kazi yangu ilikuwa kumcheka.

Nilimpata kwa sababu ya Jabali. Nilikuwa kijana, naendesha kreni gatini, mwanamke pekee kwenye zamu yangu. Nimekaa kwenye mgahawa na maziwa ya moto, meza ya pili kuna mwalimu mwembamba anawaelezea wenzake jinsi Jabali angeweza kuinua meli: mkono una nguvu hii, mgongo una nguvu ile. Nikageuka nikamwuliza, kasimama juu ya nini huyo?

Akasogeza kiti kuja kwangu. Mpaka leo sijapewa jibu! Kila nikimwuliza alikuwa anasema, Marlys, sheria ya meza ni mikono, si ardhi; tunapima nguvu za shujaa tu. Kisha ananiwekea sukari kwenye kahawa ili ninyamaze.

Mtu wa kreni hasemi hivyo. Kreni haianguki kwa sababu mkono wake ni dhaifu. Inaanguka kwa sababu ardhi chini ya miguu yake imekubali kuzama. Ndiyo maana tunaitandikia magogo chini ya miguu. Miaka ishirini na saba sikuangusha kitu, na siri ilikuwa kutazama chini kabla ya kutazama juu.

Basi nimekaa na penseli mezani jikoni. Sikuwahi kumfanyia hesabu hiyo. Nilimwuliza tu kwa kumchokoza. Sasa nitamfanyia, na nitaisoma mbele yake, na akasirike apendavyo.


Jumamosi, 9 Februari

Nimeisoma!

Walikuwa wote wawili. Lonnie ameleta ubao mweupe mdogo wa binti yake, ameusimamisha juu ya kabati la dawa. Nikasimama kama mtoto wa shule. Nikasema: meli na mzigo wake, tani elfu themanini. Uzito wa Jabali mwenyewe nimemsamehe, sikuuhesabu. Viatu vyake viwili pamoja, nimepima vya Lonnie nikaongeza kidogo, sentimita mraba mia sita. Kila sentimita moja ya mraba inabeba kilo laki moja na elfu thelathini na tatu. Zege zuri la gati linabeba kilo mia tatu kwa sentimita hiyohiyo, likizidishiwa linasagika. Amezidisha mara mia nne na zaidi.

Kwa hiyo, nikasema, Jabali hainui meli. Jabali anajipigilia ardhini kama msumari, na meli inabaki ilipo.

Ruthanne akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, fundi bomba, shujaa wako kawa bomba.

Lonnie akasema, mpe viatu vikubwa.

Nikamwambia nimeshampa. Ili zege lisisagike anahitaji sahani ya chuma ya mita tano kwa mita tano, na zaidi kidogo. Kubwa kuliko chumba hiki. Na bado hatujazungumzia meli yenyewe, unaishika pale katikati kwa viganja viwili, viganja vinaingia kama kidole kwenye mkate.

Lonnie akamgeukia Arvid. Akasema, Mwalimu, sema kitu, mkeo anatumaliza.

Arvid alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akapiga kiti cha magurudumu kwa mkono wa kushoto. Kijiko! Kijiko, kijiko, kijiko! Ilikuwa ni hotuba nzima. Ilikuwa na koma na nukta. Sisi sote tulijua anasema sheria ya meza ni mikono, si ardhi. Nikambusu kichwani. Sijawahi kufurahi hivi kukaripiwa na mtu.

Ruthanne alipokuwa anavaa koti alininong'oneza, asante dada. Nikamwambia asante ni kwako, umefunga duka Jumamosi ili uje hapa. Akasema, aa, baridi hii nani anatoka kununua katuni. Mwongo. Jumamosi ndiyo siku inayomlisha wiki nzima.


Jumatano, 13 Februari

Gus wa mazoezi ya viungo amenifundisha kumsimamisha Arvid, kumgeuza, kumkalisha chooni. Ni kijana mpana, ana sauti ya mtoto. Alijifunga mkanda wa kumshikia mgonjwa, akajifanya yeye ndiye Arvid, akajilegeza ghafla. Nikamvuta juu kwa nguvu zangu zote. Bega likalia.

Akasema, hapana mama. Ulikuwa na kreni, lakini hapa huna. Akianza kuanguka usimzuie juu. Mtaumia wote wawili. Mkaribie, mshike, mwache ateleze juu ya mguu wako, ushuke naye mpaka chini. Anguko halizuiliki. Linafanywa refu tu.

Tumerudia mara sita. Mara ya sita tulifika sakafuni kama watu wanaokaa kula. Arvid alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti, na kicheko cha upande mmoja.


Jumamosi, 16 Februari

Theluji. Barabara zimefungwa. Hakuna aliyefika, hata mimi. Nesi wa mchana alikubali kumshikia simu sikioni. Nilimsomea kurasa nne na kumweleza picha. Mwishoni akasema kijiko, taratibu, kama mtu anayesema lala salama. Ilikuwa saa nane mchana.

Nashukuru kwa nesi yule. Mkono wake lazima uliuma.


Jumatatu, 18 Februari

Ameanguka. Hajaumia. Naandika hilo kwanza.

Bafuni, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkanda, tumepiga hatua tatu safi, akageuka kutafuta kioo, goti la kulia likalegea. Mwili wangu wote ulitaka kumvuta juu. Sijui ni nini kilinizuia. Nikamkaribia, nikatoa mguu, akateleza juu ya paja langu, tukashuka. Tukashuka polepole ajabu. Nikaona sabuni, nikaona ukingo wa beseni, nikapiga kiwiko hapo, tukafika. Tumekaa kwenye vigae, yeye kati ya miguu yangu, mgongo wake kifuani mwangu, wote tunahema.

Nikasema, yii, kiwiko changu.

Akasema, pole.

Pole! Si kijiko. Pole, na e yake, na l yake. Aligeuza kichwa akatazama kiwiko, akasema tena, pole. Kisha akashtuka mwenyewe, kama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu.

Hatukuita mtu. Tulikaa pale dakika nyingi tu. Sakafu yao ina joto chini ya vigae. Sikujua hilo. Nashukuru kwa aliyewaza kuweka.


Jumanne, 19 Februari

Nilimngojea Bi Fenske mlangoni. Nikamwambia amesema pole. Alinikumbatia. Halafu akanikalisha.

Alisema maneno kama pole, asante, na matusi ya kawaida yamehifadhiwa mahali pengine kichwani. Hutoka yenyewe, kama chafya. Ni dalili njema sana, mama, ataiandika. Lakini kikao kitauliza neno alilolichagua. Neno la kusema jambo, si la kuponyoka. Tena ni bora atoke nalo yeye, bila kuulizwa.

Nimerudi nyumbani na uzito. Nimefua. Nimekunja soksi zake, hata zile mbili zisizofanana anazozipenda.

Kisha ndipo nikawaza lile anguko la jana. Nikampigia Lonnie, alikuwa chini ya sinki la mtu. Nikamwuliza, mtu akianguka kutoka juu, ukimdaka, anapigwa kwa nguvu kiasi gani? Akasema, rahisi, Mwalimu alitufundisha wimbo wake: umbali ulioanguka, gawa kwa umbali wa kusimamishwa. Jibu ni mara ngapi ya uzito wako unakupiga.

Nikachukua toleo lile, ukurasa wa kumi na nne. Jengo wameandika mita mia moja na themanini. Kimondo amesimama hewani, kanyoosha mikono, kamdaka msafisha madirisha, kakunja viwiko. Amemsimamisha ndani ya nusu mita. Mia moja na themanini gawa kwa nusu. Mia tatu na sitini! Yule mtu amepigwa na uzito wake mara mia tatu na sitini. Mikono ya Kimondo na lami vinatofautiana nini? Kamwua vizuri tu, kwa upendo.

Isipokuwa angeshuka naye. Angemfikia juu zaidi, aende kasi yake, amshike, kisha wapunguze mwendo pamoja kwa mita thelathini. Hapo ni mara sita. Mtu anaumwa shingo, lakini anarudi kwake jioni.

Nilikaa na penseli mkononi muda mrefu. Sijui kwa nini nilikuwa nalia, maana nilikuwa na furaha.


Alhamisi, 21 Februari

Nimekwenda kuiona nyumba ya wazee, ng'ambo ya daraja. Ni safi. Msichana wa mapokezi alikuwa mpole, akanionyesha chumba. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Kuna mzee mmoja alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilimsalimia, akaitikia vizuri, akaniuliza kama nimekuja kumchukua.

Nilimwambia samahani, mimi si wako. Akasema haidhuru.

Nimevuka daraja kurudi bila redio. Ziwa lote jeupe. Chochote watakachoamua Jumanne, nitakuwa nakuja kila siku, hapa au kule. Hilo halimo kwenye kikao chao.


Jumamosi, 23 Februari

Naandika nikiwa chumbani kwake. Daftari liko juu ya goti. Nataka niandike sasa hivi kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Ruthanne amekuja na viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, sinia limefungwa taulo. Lonnie na ubao wake. Tumekula. Arvid amekula kwa mkono wa kushoto, amejimwagia kidogo tu. Nikasema leo zamu ya Kimondo, na Ruthanne akasema, ninyi mna wivu na mwanamke anayeruka.

Nikawaeleza. Lonnie akawa anaandika ubaoni kwa herufi kubwa: 180, chini yake nusu, pembeni 360. Ruthanne akaguna. Akasema, ameuawa? Nikasema, mara mia tatu na sitini ya uzito wake, dada, hapo hakuna cha kuzika. Nikaendelea na ile ya kushuka pamoja, mita thelathini, mara sita. Nikamwambia hivyo Kimondo anashinda, maana kazi ngumu si kusimamisha. Kazi ngumu ni kukubali kushuka.

Lonnie hakujibu kwa mzaha. Akasema tu, hiyo naikubali, andikeni tarehe.

Hapo ndipo Arvid alipoanza kuhangaika kitini. Uso mwekundu, mdomo unafunguka na kujifunga. Nikadhani ni chakula. Nikainuka. Akanisukuma kwa kiganja.

Akasema, he.

Lonnie akageuka kutoka ubaoni.

He, he. Akafunga macho, akavuta pumzi. Hewa.

Ruthanne akatupa uma, akakimbilia mlangoni, nesi! anakosa hewa! Nesi akaja na yule wa zamu ya pili, wakambana kile kibanio cha kidole cha kupimia hewa kwenye damu, mmoja akafungua dirisha, baridi ikaingia kama ng'ombe. Pumzi mzee Arvid, vuta pumzi, taratibu baba. Mashine ikaonyesha asilimia tisini na saba. Nesi akaitazama, akaigonga, akaitazama tena. Akasema, mbona hewa anayo tele?

Arvid akakitikisa kibanio mpaka kikaruka chini ya kitanda. Akanyoosha mkono wa kushoto, moja kwa moja ubaoni. Kwenye 360.

Hewa, akasema. Kwa hasira. Kwa sauti ile ya darasani, ya mtu aliyechoka na darasa zima.

Lonnie alikuwa ameshika kalamu ya ubao, mdomo wazi. Akaanza kutikisa kichwa. Akasema, Mungu wangu, Bi Marlys. Tumeangusha mtu mita mia moja na themanini kama vile dunia haina hewa! Hewa inamzuia njiani. Hafiki chini na kasi ile. Mia tatu na sitini ni kubwa mno, jibu liko chini ya hapo. Mwalimu alinikata alama kwa kosa hilihili, nikiwa na miaka kumi na saba.

Nikamtazama Arvid. Nikamwuliza, ndivyo? Tumesahau hewa?

Akaegemeza kichwa nyuma. Akashusha pumzi ndefu, kama alivyofanya darasani mwanafunzi mzito wa mwisho alipoelewa. Machozi yakamtoka jicho la kushoto, na upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa unacheka.

Mwanamume huyu hakuomba maji. Hakuniita jina. Ametoka kwenye kiza chote kile kuja kunisahihisha! Asante, Mungu. Asante kwa hesabu yangu mbovu.

Nesi amefunga dirisha. Nimemwomba aandike kwenye faili: neno, saa, na kwamba hakuulizwa. Ameandika. Akaniuliza aandike alimaanisha nini. Lonnie akamweleza, akachora na kimishale, naye akaandika hata hicho kimishale. Bi Fenske hayupo leo, atasoma Jumatatu. Kikao ni Jumanne. Sijui neno moja lina uzito gani mbele ya watu wa bima.

Na sasa Arvid ameonyesha penseli yangu ya pili. Nimempa. Ruthanne amemshikia kitabu kigumu chini ya karatasi. Lonnie alitaka kumwambia jibu, nikamkanyaga mguu.

Anaandika kwa mkono wa kushoto, kama mtoto. Kwanza amenakili 360. Imemchukua muda, ile sita ilikataa kuzunguka. Kisha amepitisha mstari katikati yake, mstari mrefu kuliko ilivyohitajika, unatoka hadi nje ya karatasi, juu ya mkono wa Ruthanne.

Chini yake ameandika mbili. Ni mbili safi, ya kuanzia jibu la mia mbili na kitu. Amepumzika. Redio ya chumba cha pili inatangaza theluji nyingine.

Ameirudisha penseli kwenye karatasi, pembeni ya ile mbili, na anaanza tarakimu ya pili.